Mwalimu Tannetje Atoa Amri

Kwa miaka thelathini na sita Tannetje Wisse alifundisha sarufi ya Kiholanzi katika shule ya sekondari pale Zierikzee, na hapakuwa na somo alilolifundisha vizuri kama hali ya kuamuru. Aliandika kitenzi ubaoni, akafuta mkia wake kwa kidole, akabakiza shina peke yake, halafu akageuka na vumbi la chaki mkononi.

"Hiyo ndiyo amri," aliwaambia wanafunzi. "Trek, vuta. Loop, tembea. Mtu mmoja au watu mia, neno ni hilo hilo. Hakuna 'wewe', hakuna 'ninyi'. Anayeambiwa anajijua."

Hata waliofeli kila kitu kingine walilielewa somo hilo. Lakini mjini kote hapakuwa na mtu aliyeitumia hali hiyo kwa nadra kama yeye. Dukani alisema, "Labda ningeweza kupata nusu kilo ya jibini, kama haitakuwa usumbufu?" Mumewe Ko, aliyekuwa tarishi wa posta kabla ya kustaafu, alikuwa amezoea kuambiwa "dirisha liko wazi" na kujua kwamba anatakiwa anyanyuke akalifunge. Paka akikaa kwenye kiti cha Tannetje, Tannetje alitafuta kiti kingine.

Alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu, na ameanza kuchoka kupanga vitabu vyake upya, pale Dina Kloet alipopiga hodi mlango wa uani asubuhi moja ya Jumanne mwezi wa nne. Dina alikuwa msimamizi katika banda la kusafishia kome, mwanamke wa miaka hamsini na tano mwenye mabega mapana. Hakuketi alipokaribishwa.

"Mwalimu, unisamehe kwa swali langu. Una kilo ngapi?"

Tannetje alidhani amesikia vibaya. "Kilo za nini?"

"Zako wewe. Za mwili."

"Arobaini na nane," alisema Tannetje. "Nikiwa nimekula."

Dina akamgeukia Ko aliyekuwa anamenya viazi. "Unaona? Arobaini na nane! Levien alikuwa na tisini na tatu, na zote alizikalisha nyuma ya mashua tukawa tunazivuta sisi." Ndipo akaketi, akajimiminia kahawa bila kungoja, akaeleza shida iliyomleta.

Yeye na wenzake saba walikuwa na mashua ya makasia iliyoitwa Alikruik, yaani konokono wa pwani, yule mdogo mweusi anayeganda kwenye mawe ya boma la bahari. Kwa miaka kumi na moja usukani ulishikwa na Levien Boogert, mwanamume mwenye sauti ya king'ora. Sasa Levien amewahama. Amekwenda ng'ambo, Colijnsplaat, kushika usukani wa Tai, mashua mpya ya wanawake vijana, na zimebaki wiki saba tu mbio za Juni zifike.

"Sijui lolote kuhusu mashua," alisema Tannetje.

"Kupiga makasia tunajua sisi. Wewe utakaa nyuma, ushike usukani, utuambie la kufanya. Umewaambia watu la kufanya miaka thelathini na sita."

"Hapana," alisema Ko, macho kwenye viazi. "Aliwaomba."

Tannetje alikubali kwa sababu kukataa watu nako kulimshinda.

Jioni ya mazoezi ya kwanza walimkalisha nyuma kabisa, akiwa amevaa jaketi la kuelea lililomfika magotini. Mbele yake, uso kwa uso, alikaa Dina aliyeongoza mapigo. Nyuma ya Dina wakafuatana wengine, na Krina de Looff akakaa mwisho kabisa, kwenye omo, ncha ya mbele ya mashua. Krina alikuwa mdogo kuliko wote, miaka thelathini na mmoja, muuguzi, na zamani mwanafunzi wa Tannetje. Wote wanane walikuwa wameipa mgongo njia waendayo, kama wapiga makasia popote.

"Basi," alisema Tannetje, "mkiwa tayari, na kama hakuna mwenye pingamizi, nadhani tungeweza kuanza."

Wanawake wanane wakamtazama.

"Ndiyo amri hiyo?" aliuliza Maatje, mwoka mikate, kutoka katikati ya mashua.

"Ni pendekezo," alisema Tannetje.

Walianza hivyo hivyo. Walipata mwendo mzuri kwenye mfereji wa bandari, na Tannetje aliliona gati la mbao likiwajia. Aliliona mapema kabisa. Alisema, "Sijui kama mmeona, lakini huenda isingekuwa vibaya tukifikiria kupunguza kidogo…" Sentensi ilikuwa haijafika kwenye kitenzi chake kikuu mashua ilipogonga. Maatje alianguka chali miguu juu. Wazee waliokuwa wanavuta sigara gatini walipiga makofi.

"Mwalimu," alisema Dina akiokota kasia lake, "sentensi yako ni ndefu kuliko bandari."

Usiku huo Tannetje hakulia. Asubuhi alishusha kutoka kabatini daftari lake la zamani la masomo, akafungua ukurasa wa hali ya kuamuru. Aina zote zilikuwa pale kwa mwandiko wake mwenyewe. Alizisoma kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa, akaamua kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Alhamisi alijaribu amri ya heshima, ile inayomtaja mwambiwa: vuteni ninyi waheshimiwa. Kufika "waheshimiwa" kila mtu alikuwa ameshavuta kwa wakati wake, na makasia yaligongana kama vijiko kwenye droo.

Jumamosi alijaribu amri ya wingi ya kale, yenye herufi t mwishoni, ambayo siku hizi husikika kanisani tu.

"Trekt!" alisema.

"Ee Bwana!" aliitikia Maatje. "Vuteni, enyi mabinti wa Zierikzee! Sadaka inapita saa ngapi, Mwalimu?"

Walicheka hadi mashua ikajigeuza yenyewe na mkondo. Tannetje naye alicheka, kwa sababu ilichekesha kweli, lakini masikio yalimwaka.

Jumanne iliyofuata alijaribu kitenzi kizima kisichonyambuliwa, jinsi askari wa barabarani wanavyosema: Kutembea! Kusogea! Kutosimama hapa! Hii aliipenda kidogo, maana haikumlenga mtu. "Kuvuta!" alisema. "Kuvuta!" Upande wa kulia walivuta wawili, wa kushoto watatu, waliobaki walitazamana.

"Nani, mimi?" aliuliza mmoja.

Krina aliinua mkono kutoka omoni kama yuko darasani. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha. Hiyo ni amri ya mabango. 'Kutoegemeza baiskeli ukutani.' Na ukuta mzima umejaa baiskeli."

"Ni kweli," alisema Tannetje. "Ni amri isiyo na mwenyewe."

"Basi tupe yenye mwenyewe," alisema Dina. "Ulisema ipo. Lile neno fupi. Mimi sikusoma kwako lakini hata huku kwenye kome limefika."

Tannetje alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, herufi nne, shina tupu. Alilijua kuliko alivyojua namba yake ya simu. Aliufunga mdomo tena.

Dina akawageukia wenzake. "Fungeni kamba kwenye boya lile. Tupumzike."

Walifunga mashua kwenye boya nje ya mdomo wa mfereji. Maji yalikuwa yanatoka kwenda baharini, na daraja refu lilionekana lote, nguzo baada ya nguzo, mpaka ng'ambo. Maatje alitoa mfuko wa bolus, mikate ya mdalasini iliyoviringwa, inayonata vidoleni. Kila mtu alichukua wake. Walikuwa wanamngoja, na Tannetje alijua wanamngoja.

"Baba yangu alikuwa na shamba la viazi sukari huko Noord-Beveland," alisema hatimaye. "Viazi vya kiwandani. Tulikuwa wanne nyumbani. Sikumbuki aliwahi kutuambia neno ambalo halikuwa amri. Kaa. Kula. Nyamaza. Inua. Hata mama, baba alimwita hivyo hivyo: njoo, leta. Jina lake sikulisikia mdomoni mwa baba mpaka siku ya mazishi ya mama, na baba alipolisoma makaburini nilishangaa kwamba analijua." Alilamba kidole chenye sukari. "Shuleni nikafundishwa kwamba amri haina mtenda, kwamba aliyeambiwa amefutwa kwenye sentensi. Nikajisemea, kumbe ndilo lililotupata. Nikaamua mimi sitamfuta mtu."

Maji yaligonga ubavu wa mashua. Maatje alikuwa ameacha kutafuna.

"Pole, Mwalimu," alisema Dina. "Baba yako alikuwa mtu mgumu, na wangu pia, Mungu amrehemu. Lakini sasa nisikilize. Inua macho utazame mbele. Unaona nini?"

"Daraja. Mashua ya tanga. Boya jekundu."

"Mimi naona nini?"

Tannetje alifikiri. "Unaniona mimi."

"Nakuona wewe na nyuma yako kanisa. Basi. Sote wanane tumeipa njia mgongo. Mwenye macho humu ni wewe peke yako, na ukifunga mdomo, sisi ndio tunagonga. Baba yako alikuwa anawatuma kazi zake. Kazi hii ni yetu, shoga yangu. Sisi ndio tumekuja mlangoni kwako kuomba tuamriwe."

"Na mimi usinifute," alisema Krina kutoka mbali. "Niite jina langu. Huku omoni nasikia upepo tu, najua mnanisahau."

Walifungua kamba. Makasia yakainama juu ya maji, yakatulia. Tannetje alishika usukani kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

"Krina," alisema. "Dina. Maatje. Wote." Halafu, bila kupaza sauti, "Vuta."

Makasia manane yaliingia majini kwa sauti moja. Tannetje alirushwa nyuma kidogo na nguvu ya mashua, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alihisi neno lake likimbeba.

"Vuta," alisema tena. "Vuta. Vuta."

Nyumbani jioni hiyo alisimama mlangoni mwa jiko, bado na jaketi. "Ko," alisema, "funga dirisha."

Ko aliinuka, akalifunga, akarudi kukaa. Alimtazama mkewe juu ya miwani yake. "Miaka arobaini nimekuwa nakisia," alisema. "Unajua jinsi inavyochosha?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda, ingawa si mara moja. Tabia ya maisha haikomi kwa jioni moja. Kiholanzi kina kineno kidogo, maar, ambacho ukikiweka nyuma ya amri kinaipoza: kaa inakuwa kaa tu, vuta inakuwa vuta tu. Kineno hicho kilimtoka Tannetje kila baada ya mapigo kumi. "Ukisema 'vuta tu', mikono yangu inaelewa kwamba si lazima," alilalamika Maatje. Wakaweka adhabu: kila maar moja, Tannetje ataleta bolus za watu wote. Wiki ya kwanza Maatje aliuza bolus kuliko Pasaka. Kufikia wiki ya tano alianza kusikitika biashara imekufa.

Tannetje alijifunza pia kwamba amri ya kusimama hutolewa kabla ya kuihitaji, na kwamba Dina akiuma mdomo wa chini amechoka lakini hatasema. Alijifunza majina yanavyopandana na mapigo: "Vuta, Dina" lilikuwa na nguvu mwishoni, "Krina, vuta" lilikuwa na nguvu mwanzoni. Aliyaandika yote kwenye daftari lile lile, chini ya hali ya kuamuru, kwa kalamu nyekundu.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi, na upepo ulivuma toka magharibi tangu alfajiri. Mashua kumi na moja za wanawake zilijipanga nje ya bandari ya Zierikzee. Njia ilikuwa kupita chini ya daraja, kuzunguka boya la njano, kurudi chini ya daraja, na kumaliza Colijnsplaat mbele ya gati la wavuvi. Katika miaka yao yote Alikruik hawakuwahi kuvuka nafasi ya tisa.

Tai ilikuwa mashua ya jirani kwenye mstari, imepakwa bluu, na Levien ameketi nyuma yake mikono kiunoni.

"Mwalimu!" aliita. "Leo ni mtihani wa kuandika au wa kusoma kwa sauti?"

Tannetje hakuwa mtu wa kujibizana. Dina alimjibia. "Leo ni siku ya kusahihisha, Levien! Shika kalamu yako vizuri!"

Bunduki ya kuanzia ililia.

Walipiga makasia kwa mpango wao, bila papara. Kwenye mwendo wa kwanza walikuwa wa sita, kufika daraja walikuwa wa tano, na kwenye boya la njano Tannetje aliwageuza kwa maneno manne tu, wakapita mashua mbili zilizozunguka kwa mbali. Sasa mbele yao zilibaki mbili: moja ya kijani, na mbele ya ile ya kijani, Tai. Sauti ya Levien ilisikika mpaka kwao. "Kuvuta! Kuvuta! Kuvutaaa!"

"Ngapi mbele?" alihema Dina.

"Mbili. Usiongee. Vuta."

Dina aliuma mdomo, lakini macho yake yalicheka.

Mkondo ulikuwa umeshika kasi, unawasukuma kurudi darajani haraka kuliko walivyotaka. Mashua zote zilielekea tundu moja pana, kati ya nguzo mbili kubwa, ndilo lililokuwa limezoeleka. Tai ilikuwa ya kwanza kulikaribia. Mashua ya kijani ilikuwa ubavuni mwake, ikitaka kupita, na hapo hapo mmoja wa wapigaji wake alishindwa kulidhibiti kasia lake. Likamgeukia kifuani, mashua ikakatika mwendo, ikajilaza upande mbele ya tundu kama mlango uliofungwa.

"Kusimama!" alipiga kelele Levien. "Kusimama! Kurudi!"

Nusu ya wasichana wake walisimamisha makasia, nusu walipiga kurudi nyuma, na Tai ikazunguka polepole mahali pale pale, imekwama nyuma ya ile ya kijani.

Tannetje aliona yote hayo kwa pigo moja la kasia. Aliona pia tundu la jirani, la kulia, jembamba zaidi, ambalo hakuna aliyelitumia na hakuna sheria iliyolikataza. Mbele yake wanawake wanane walimtazama yeye na boya la njano lililokuwa mbali nyuma yake. Walikuwa hawajui lolote.

"Kulia, shikilia!" alisema. "Kushoto, vuta! Vuta, Krina! Vuta!"

Mashua ilijipinda mpaka maji yakamwagika ndani. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hakuna aliyegeuza shingo kutazama.

"Wote, vuta! Sasa inua makasia! Inua!"

Walipita kati ya nguzo makasia yakiwa juu kama mbawa, karibu kabisa na saruji, wakanusa harufu ya kome na majani ya bahari yaliyoganda juu yake. Kelele za daraja zilipita juu ya vichwa vyao. Kisha mwanga ukarudi.

"Shusha! Vuta!"

"Tuko wapi?" alipiga kelele Maatje. "Mwalimu, tuko wapi?"

Tannetje aligeuka, mara moja tu. Mashua ya kijani ilikuwa bado inahangaika, Tai ilikuwa inatoka ubavuni mwake, na kati ya Tai na Alikruik palikuwa na urefu wa mashua moja. Alikruik ndiyo iliyokuwa mbele.

"Tunaongoza," alisema, na hapo sauti ikamvunjika. "Jamani, tunaongoza!"

Mlio uliotoka kwa wale wanane haukuwa wa neno lolote.

Lakini kilomita ya mwisho ilikuwa ya upepo usoni. Mawimbi mafupi yaligonga omo, na kila wimbi lililogonga lilimwangukia Krina mgongoni. Vijana wa Tai walikuwa na nguvu, na walikuwa na hasira. Polepole omo ya bluu ilianza kuonekana pembeni mwa jicho la Tannetje, kisha Levien mwenyewe, uso mwekundu, anapiga kifua kwa mkono kuhesabu mapigo.

Tannetje aliwaita mmoja mmoja. Vuta, Dina. Maatje, vuta. Aliyeitwa aliongeza kitu, hata pale ambapo hakikuwepo tena. Ila kasia la Krina lilianza kuchelewa. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi. Tannetje aliuona uso wake kati ya mabega ya wengine: mweupe, mdomo wazi, macho hayatazami kitu.

"Krina, vuta!"

Hakuna kitu. Alisema tena, kwa nguvu zaidi, na akaona neno likimpita Krina kama upepo. Ukali haungemfikia tena. Tannetje alikuwa amewaona watoto wa namna hiyo miaka yote, waliosimama mbele ya ubao wakiwa na jibu kichwani na woga kooni, na alijua kitu ambacho Levien hakukijua, wala baba yake Tannetje. Aliachia amri ikapoa.

"Kom maar, Krina," alisema. "Njoo tu. Njoo, mwanangu. Unaweza."

Maatje alisikia ile maar, na hata katika uchovu ule aliguna, "Bolus!" Mtu mmoja akacheka, kicheko cha mtu anayekaribia kufa, kikapita mashua nzima mpaka omoni. Krina alipepesa macho. Akamtazama mwalimu wake kwa mbali, kupitia mabega saba. Kasia lake likashuka majini pamoja na mengine.

"Njoo tu," alisema Tannetje. "Njoo tu. Njoo tu." Mashua ilikwenda na neno hilo mapigo kumi, ishirini, na omo ya bluu ikasimama pale ilipokuwa, haikusogea tena. Gati la wavuvi lilikuwa limejaa watu, na kengele ya mezani kwa waamuzi ilikuwa tayari mkononi mwa mtu. Zilibaki mita hamsini.

"Sasa," alisema Tannetje Wisse, akasimama kwenye mashua, jambo ambalo halikuruhusiwa, "VUTA!"

Gati zima lilimsikia. Ko, aliyekuwa amesimama nyuma ya kibanda cha waamuzi na chupa ya kahawa, alimsikia na hakuamini ni nani. Kengele ililia mara moja kwa Alikruik, na ilipolia mara ya pili kwa Tai, Alikruik walikuwa wamewatangulia kwa nusu urefu wa kasia.

Walikaa wameinama juu ya makasia, wanahema, maji yakiwatiririka puani. Kisha Dina aliinua kichwa, akauliza kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Wa ngapi?"

"Wa kwanza," alisema Tannetje. "Dina, wa kwanza!"

Dina Kloet, aliyekuwa na miaka thelathini katika banda la kome na hakuna aliyewahi kumwona akilia, aliweka kichwa magotini mwa mwalimu na kulia kama mtoto. Maatje aliimba wimbo usio na maneno. Krina alitapika kando, akapangusa mdomo, akatabasamu.

Levien Boogert aliwafuata gatini walipokwisha kufunga kamba. Alivua kofia. "Lile tundu la kulia," alisema. "Miaka kumi na moja sijawahi kulipita. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nililiona."

"Na wao walikusikia hapo hapo? Mimi nilipaza sauti mpaka koo limekauka."

"Ulisema kusimama," alimjibu Tannetje kwa upole wake wa zamani. "Kila mmoja alidhani ni mwenzake."

Levien alilifikiria hilo, akatikisa kichwa, akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa desturi ya mbio zile, mshika usukani wa mashua iliyoshinda hutupwa majini. Wote wanane walikuwa wameshamzunguka. Dina alimshika mabega, Maatje miguu, wakamning'iniza juu ya ukingo wa gati, kilo arobaini na nane na jaketi lililomfika magotini. Watu walikuwa wanapiga miluzi. Ko alipokea miwani na saa ya mkewe.

Lakini hawakumwachia.

"Mnangoja nini?" aliuliza Tannetje, akitazama maji ya kijani kati ya viatu vyake.

"Amri," alisema Dina. "Hatufanyi kitu humu bila amri."

"Ah, basi." Tannetje alikohoa. "Kama hakuna mwenye pingamizi, na ikiwa haitakuwa usumbufu mkubwa…"

"Aaaah!" walipiga kelele wote, na gati likaitikia.

Tannetje Wisse alicheka mpaka akashindwa kupumua. Kisha alivuta pumzi yote iliyotosha, akafumba macho.

"Nirusheni!"

Aliruka juu kabisa, mikono wazi, na maji ya Juni yakampokea, baridi iliyomkata hadi kwenye mifupa. Alipoibuka, nywele zimeganda usoni, alisikia watu wanalitaja jina lake, na juu ya ukingo nyuso nane nyekundu zilikuwa zimeinama kumtazama, moja baada ya nyingine zikianza kuruka kumfuata.